Mcheza Kwao na Fungu la Bajeti

Juni ya mwaka 2024 ilianzia Bungoma. Tarehe 1 Rais William Ruto aliongoza sherehe za Madaraka katika Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, uwanja uliokarabatiwa kwa ajili ya siku hiyo. Kama ilivyo desturi ya sikukuu za kitaifa, burudani ilitangulia na hotuba zikafuata. Tarehe 25 vijana waliokasirishwa na Mswada wa Fedha waliingia ndani ya majengo ya Bunge jijini Nairobi. Tarehe 30, kimya kimya, ukafika ukomo ambao sheria imeyawekea mabunge yote 47 ya kaunti: siku ya mwisho ya kuidhinisha makadirio ya bajeti ya mwaka unaofuata.

Sikukuu huwaita wasanii kila mara. Maandamano ya mwaka ule yalijaa nyimbo zao. Bajeti haiwaiti, nao hawaendi kwa wingi, na hapo ndipo moyo wangu unapouma. Nitasimulia jinsi ngoma na fedha za umma zilivyopishana huku kwetu kwa muda mrefu, nikiwa nimesimama Tongaren, pembe ya kaskazini-mashariki ya Kaunti ya Bungoma, mahali ambapo mtu huenda Kitale kununua mahitaji yake ilhali kura yake inahesabiwa Bungoma.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kutunza huku ni kule kumbandika mchezaji noti kwenye paji la uso, kumtupia sarafu miguuni, kumvika leso mabegani mbele ya watu ili wote wajue nani katoa. Wabukusu walikuwa na namna yao ya kutunza, tena yenye mpango, kabla chifu wa kwanza hajavaa kofia. Mzee wa heshima anapofariki, siku chache baada ya maziko watu hukusanyika kwa kumuse. Mzungumzaji, omuswala kumuse, hutembea mbele ya umati ulioketi, akienda na kurudi, akieleza chimbuko la koo, safari za mababu, vita, mapatano na mambo yanayokingoja kizazi kipya. Anazungumza kwa saa nyingi bila karatasi. Kazi hiyo hairithiwi na kila mtu, wala si kila marehemu anayefanyiwa kumuse.

Na kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ikifika, ni msimu wa tohara. Kijana huzunguka kwa jamaa zake akigonganisha njuga za chuma, chinyimba, huku wenzake wakiimba naye barabarani, kualika watu wa karibu na wa mbali. Siku zenyewe zikikaribia, maghala hufunguliwa, busaa hupikwa, mpiga litungu, ala yetu ya nyuzi, huitwa, na mwenye siiriri, zeze letu, hupewa kiti. Watu hucheza kamabeka, ngoma ambayo jina lake lenyewe ni mabega. Nani alilipia yote hayo? Ukoo. Mahindi, wimbi na kuku vilitolewa nyumba kwa nyumba, vikawekwa pamoja, vikatumika kwa kazi iliyokubaliwa na wote, na aliyekataa kutoa alijulikana. Mimi hiyo naiita bajeti ya sanaa. Ilikuwa na mapato, ilikuwa na matumizi, na ilikuwa na wakaguzi wakali kuliko mkaguzi yeyote wa serikali.

Serikali ya kikoloni haikuweka chochote badala ya mpango huo. Badala yake iliutilia shaka. Wamisionari waliwafundisha waumini wapya kwamba ngoma ni za gizani, na maofisa wa wilaya walijifunza kuogopa mikusanyiko yenye nyimbo, hasa baada ya Elijah Masinde wa Kimilili na Dini ya Msambwa yake. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo pale Malakisi, watu wakafa, na mwaka huohuo dini ikapigwa marufuku. Masinde alipelekwa kizuizini pwani, Lamu, mbali na mlima wake. Wakati huo tayari Kenya ilikuwa na tamasha la muziki. Lilianzishwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi ya mwanzo lilikuwa jukwaa la walowezi. Basi nchi ilijua kuupa muziki ukumbi na waamuzi. Swali lilikuwa muziki wa nani.

Ndipo ikaja Tongaren tuijuayo leo. Ardhi hii ilikuwa sehemu ya Nyanda za Wazungu. Mwaka 1962, uhuru ukikaribia, ulianza mpango wa makazi wa ekari milioni moja, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka Uingereza na Benki ya Dunia. Hadi ulipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia zipatazo 35,000 zilikuwa zimepewa mashamba kote nchini. Ndalu, Naitiri, Soysambu na Tongaren yenyewe zikakatwa vipande, vikapewa namba, na watu wakaja. Walitoka Bungoma ya chini, Kakamega na Maragoli. Walikuwa Wabukusu, Watachoni, Wakabras na wengineo, majirani wapya ambao hawakuwa na kaburi hata moja katika udongo ule.

Ninapenda kuwaza miaka ile ya mwanzo. Mtu amepata shamba lenye namba na mkopo wenye riba. Ofisa wa makazi amemhesabia ng'ombe wa maziwa, magunia ya mahindi na pato la mwaka. Karatasi ina shule, ina zahanati, ina chama cha ushirika. Haina mahali pa kuchezea. Na watu waliotoka koo mbalimbali, ambao zamani kila mmoja alitunza mchezaji wake kutoka ghala lake, sasa wanaishi kando kwa kando bila ghala la pamoja. Walicheza hivyohivyo, kwenye nyua za watu, kwenye matanga, kanisani kwa kwaya. Ila mfuko wa ukoo ulibaki huko walikotoka, na mfuko mpya wa umma haukuwa na tundu la kutolea fedha kwa ajili ya litungu.

Mwaka 1963 ukaleta mpaka mwingine. Kitale iliwekwa Mkoa wa Bonde la Ufa na Bungoma Mkoa wa Magharibi, jambo ambalo Masinde Muliro na wanasiasa wenzake walilipinga kwa nguvu. Kwa mkulima wa Tongaren maana yake ilikuwa kwamba mji ulio karibu naye hauko chini ya serikali iliyo juu yake.

Huko Kitale ndiko kuliko taasisi ya utamaduni ya umma iliyo karibu zaidi na Tongaren, na historia yake ina fundisho. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa wadudu, ndege na vitabu, alianza kukusanya vitu tangu mwaka 1894, na mwaka 1926 akafungua jumba la makumbusho lililoitwa kwa jina lake. Alipofariki mwaka 1966 wosia wake uliliachia taifa makusanyo yote pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Desemba 1974 jumba hilo likafunguliwa likiwa makumbusho ya kwanza ya bara nje ya Nairobi, na baadaye likaongezewa nyumba za jadi za jamii za eneo hili, ambazo wanafunzi huletwa kuzitazama kwa mabasi.

Sina neno baya kwa mtu aliyeachia nchi vitu vyake. Ila tazama jinsi jumba lilivyopatikana. Liliingia mikononi mwa umma kupitia wosia wa mtu mmoja. Hakuna kikao cha wakulima kilichoomba, hakuna diwani aliyebanwa, hakuna mbunge aliyeulizwa maswali sokoni. Kanda yetu ilipata makumbusho kabla haijajifunza kuyadai, na nadhani hilo lilituachia mazoea ya kuona utamaduni kama zawadi itokayo kwa mkubwa mwenye moyo mwema.

Zawadi nyingine zilitoka kwetu kwenda juu. Mwaka 1963 tume ya watu watano ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Tuni waliyoichagua ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto, uliopatikana kwa Mzee Meza Moroa Galana. Taifa zima linasimama wima kwa sauti ya mama wa Tana akimlaza mwanawe. Sidhani kuna hoja kubwa zaidi ya hiyo kwa mtu anayetaka kumweleza mbunge kwa nini hazina ya umma inadaiwa na wasanii wa vijijini.

Kudai kwa sauti kulianzia Nairobi, kwa njia ya ugomvi. Jumba la Kitaifa la Maonyesho lilikuwa limefunguliwa mwaka 1952, nalo lilibaki mikononi mwa wageni muda mrefu baada ya uhuru. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa inajiandaa kwa tamasha la FESTAC la Lagos, na tamthilia mbili zilichaguliwa kuiwakilisha: ile ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, mwana wa Maragoli. Waandaaji wakakuta jumba la taifa limeshatengewa maonyesho ya kigeni, na wao wamebanwa katika siku chache tu. Walipigania siku zile hadharani, na jumba likajaa.

Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walifanya jambo ambalo kila anayefikiria fedha za sanaa lazima alikumbuke. Walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono na michango yao, wakaanza kuigiza tarehe 2 Oktoba 1977. Wiki sita baadaye kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi. Kwa hiyo anayesema wasanii wajitegemee, wajenge wenyewe, wasiisumbue serikali, ajibu kwanza swali la Kamĩrĩĩthũ: waliojitegemea walifanywa nini?

Mwaka huohuo wa 1982 serikali ilifanya jambo la pili, lililokuwa kinyume cha lile la kwanza. Rais Daniel arap Moi aliunda Tume ya Rais ya Muziki wa Taifa, mwenyekiti akiwa Washington Omondi, mmoja wa wale watano wa wimbo wa taifa. Tume ilikusanya maoni ya wananchi na mwaka 1984 ikatoa ripoti. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, muziki ulikuwa darasani, na mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais. Hapa kwa mara ya kwanza raia wa kawaida aliulizwa rasmi muziki ufanyiwe nini, na jibu lake likazaa ofisi yenye fungu la fedha. Nalitaja hilo kwa heshima. Lakini ofisi ilibeba neno Rais katika jina lake, na wengi wetu tunaikumbuka enzi ile kwa kwaya kubwa za walimu zilizokusanywa kila sikukuu kuimba sifa. Mwalimu wa Naitiri aliyejua kupanga sauti nne alikuwa na jukwaa alipohitajika Nyayo. Mpiga litungu wa jirani yake hakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyelipiwa na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ulipopunguzwa, muziki na sanaa viliondolewa kwenye masomo yanayotahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi, na kisichotahiniwa Kenya huwa hakifundishwi.

Miaka hiyohiyo ndiyo Tume ya Marekebisho ya Katiba, chini ya Yash Pal Ghai, ilipozunguka katika maeneobunge yote 210 kusikiliza wananchi. Tongaren wakati huo ilikuwa bado ndani ya Kimilili. Kisha wajumbe wa nchi nzima wakakutana Bomas, kituo kilichojengwa ili ngoma za makabila zichezwe, na hapo wakaandika rasimu iliyochukua jina la mahali. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika Kifungu cha 11 kwamba utamaduni ndio msingi wa taifa, na inailazimu Dola kukuza fasihi, sanaa, sherehe za jadi, maktaba na urithi mwingine. Neno lenyewe ni la lazima. Halisemi Dola "inaweza".

Pengine tulishangilia mapema mno, kwa sababu fedha hazikai kwenye Kifungu cha 11. Fedha hufuata Jedwali la Nne, lile linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti. Sehemu ya kaunti, namba ya nne, imetaja maktaba, makumbusho, sinema, michezo, na shughuli za utamaduni pamoja na majengo yake. Kwa maneno mengine, tangu mwaka 2013 mtu wa Ndalu anayetaka ukumbi, au mahali pa kuhifadhi rekodi za kumuse, anaidai Kaunti ya Bungoma.

Na bado watu hubisha hodi kwa mbunge. Nawaelewa. Tangu mwaka 2003 Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, ile CDF ambayo kila mtu anaijua, ilitengewa asilimia 2.5 ya mapato ya taifa, ikajenga madarasa na zahanati ambazo mtu aliweza kuzigusa. Tongaren ilipopata kuwa eneobunge lake mwaka 2013 na kumchagua Eseli Simiyu, na hata John Chikati alipomrithi mwaka 2022, picha ya kiongozi mwenye mfuko ilikuwa ya mbunge. Lakini sheria mpya ya mwaka 2015 iliifunga hazina hiyo ndani ya kazi za serikali ya taifa peke yake. Mbunge anaweza kusaidia shule, na kupitia shule labda kwaya ya shule. Kikundi cha ngoma cha watu wazima kikimwendea kimepotea njia, hata kama atawapokea kwa chai. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilikwenda mbali zaidi, ikatamka kwamba hazina yenyewe inakwenda kinyume cha Katiba.

Mlango ulio sahihi una wenyewe sita, wawakilishi wa wadi za Tongaren, Ndalu/Tabani, Naitiri/Kabuyefwe, Milima, Mbakalo na Soysambu/Mitua. Hizo ni sita kati ya wadi 45 za Bungoma. Mlango huu una saa zake za kufunguliwa, na saa hizo ndizo ambazo wasanii wengi hawazijui. Kufikia tarehe 1 Septemba serikali ya kaunti lazima iwe imepeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka. Kufikia 28 Februari hupelekwa hati ya mkakati wa fedha, ambayo huweka kiwango cha juu cha kila idara. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe hufika, kamati ya bajeti husikiliza wananchi, na 30 Juni hukumu hutolewa. Anayekuja Mei na wazo zuri hukuta chungu kimeshapimwa. Idara ya utamaduni Bungoma inaupika utamaduni pamoja na jinsia, vijana na michezo, na katika chungu hicho uwanja wa mpira una nguvu kwa sababu unapigwa picha. Anayeomba kumbukumbu za mzee wa kumuse zihifadhiwe hana saruji ya kuonyesha.

Nenda kwenye kikao chochote cha maoni ya bajeti vijijini uketi nyuma. Utasikia barabara, daraja, transfoma, mbolea, maji. Ni mahitaji ya kweli, na mama anayetembea na mgonjwa kwenye tope hastahili kuambiwa angoje litungu. Lakini sikubali kwamba mashindano ni kati ya hayo mawili. Ndani ya fungu la utamaduni hakuna barabara. Fedha zilizoandikwa utamaduni zitatumika kwa jambo fulani la utamaduni, na kama wachezaji hawakusema ni lipi, atasema mtu mwingine, na mara nyingi zitaishia kwenye hema, viti na vipaza sauti vya sherehe ya siku moja.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakizungumzwi. Sheria ya fedha za umma inaitaka kila kaunti kutenga angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na kanuni zake zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ukumbi huhesabiwa maendeleo. Posho ya mzee wa kufundisha vijana kumi siiriri kila Jumamosi huhesabiwa matumizi ya kawaida, upande uliosongwa na mishahara. Ndiyo maana ni rahisi kupata jengo kuliko mwalimu, na ndiyo maana nchi hii ina kumbi zilizogeuka maghala ya mahindi. Ningekuwa na neno moja tu la kuwaambia wa Tongaren ningesema: ombeni mwalimu na mashine ya kurekodi kabla ya jengo. Jengo linaweza kungoja. Wazee waliosikiliza kumuse za miaka ya 1950 hawawezi.

Hata lile jukwaa la bajeti na uchumi ambalo kila kaunti lazima iwe nalo kwa sheria ya mwaka 2012 limetaja makundi ya kuwakilishwa: wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, waumini. Wasanii hawakutajwa. Mpiga litungu ataingia humo kwa jina la uzee wake.

Kule juu kwa taifa kuna fungu jingine. Mwaka 2018 ilianzishwa Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ikitegemea kodi ya michezo ya kamari. Jina lenyewe linaonyesha foleni: michezo mbele, sanaa katikati, na maendeleo ya jamii, yakiwemo matibabu, yakivuta kutoka nyuma. Wasanii wa mijini waliokusanya nguvu wamepata matokeo. Mwaka 2022 sheria ya hakimiliki ilibadilishwa, kupitia mswada wa Gladys Wanga aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Homa Bay, ili asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya miito ya simu imwendee msanii. Miaka miwili baadaye Seneta wa Migori, Eddy Oketch, aliwasilisha mswada wa kusaidia uchumi wa ubunifu. Mambo hayo hayakutokea kwa kutunzwa. Yalitokea kwa sababu watu walikaa na wabunge kifungu kwa kifungu. Jirani zetu nao wana njia zao; Tanzania ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Marekani, ambako taifa lina mfuko wa sanaa tangu mwaka 1965, raia husafiri kila mwaka hadi Washington kuwaeleza wabunge wao kwa nini fungu lisifutwe, na hufanya hivyo tena mwaka unaofuata, kwa kuwa fungu halilindwi na kumbukumbu ya mwaka jana.

Lazima nitaje hofu moja, kwa sababu ni ya haki. Aprili 2025 wasichana wa Butere, kaunti ya jirani ya Kakamega, walifika Nakuru na tamthilia ya Cleophas Malala, Echoes of War. Walikuwa wameondolewa mashindanoni, mahakama ikaamuru warudishwe. Asubuhi ya tarehe 10, bila mwandishi wao, ambaye polisi walikuwa wamemkamata, wakiwa hawana vifaa vyao vya jukwaani wala hadhira, waliimba wimbo wa taifa na kuondoka. Nje polisi walirusha vitoa machozi. Mtu anaweza kuniuliza: serikali inayofanya hivyo kwa tamthilia ya watoto wa shule, kwa nini tuiombe fedha? Haitachagua wimbo?

Itajaribu. Ilijaribu Malakisi, ikajaribu Kamĩrĩĩthũ, na haikuhitaji kuwa imetoa hata senti kwa watu wale. Udhibiti haukungoja ufadhili. Ndiyo sababu naona ombi la fedha na ombi la uhuru yaandikwe kwenye karatasi moja: fungu litengwe kwa sheria ya kaunti, kamati ya kugawa iwe na wasanii waliochaguliwa na wenzao, majina na viwango vibandikwe ukutani kwenye ofisi ya wadi, na hotuba ya mgeni rasmi isiwe sharti la kupata malipo. Ukoo wa zamani ulimtunza omuswala kumuse, naye akasimama mbele ya ukoo huohuo akautaja kwa makosa yake. Walimlisha wakamwacha aseme.

Njia ya kuandika karatasi hiyo ipo. Bunge letu linaiita ardhilhali. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuipeleka katika Bunge la taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti inampa haki hiyohiyo mbele ya bunge la kaunti. Kwa Bunge la taifa utaratibu umeandikwa tangu mwaka 2012: iandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa mkono au kwa mashine, kwa lugha ya adabu, ieleze kama jambo limepelekwa kwa ofisi inayohusika na ikajibu nini, iseme kama liko mahakamani, imalizike kwa kutaja wazi kinachoombwa. Kamati inayopewa ardhilhali katika Bunge la Taifa hutakiwa kumjibu mwombaji ndani ya muda uliowekwa. Kiswahili kinatosha. Asiyejua kuandika hachujwi.

Kutoka Naitiri hadi jengo la bunge la kaunti mjini Bungoma ni safari ya matatu zaidi ya moja, na nauli ni ya mtu mwenyewe. Kwa kikundi cha ngoma hiyo ni fedha ya kufikiriwa. Septemba tarehe 1 ni baada tu ya msimu wa tohara, wakati vidole vya wapiga litungu bado vina malengelenge na kila mtu Tongaren bado anakumbuka nani alicheza na nani alimwita. Karatasi inaweza kupitishwa hapohapo, kwenye nyua zilezile. Mzee asiyeandika ataweka alama yake mbele ya shahidi, kidole kwenye wino, kisha kwenye safu iliyo mbele ya jina lake na namba ya kitambulisho.